Soya, maharage au mahindi? Ulinganisho kwa mwenye ekari chache Nyanda za Juu Kusini

Mvua za Novemba zinapokaribia, mkulima wa Songea, Namtumbo, Mbozi au Wanging'ombe hurudi kwenye swali lilelile: ile ekari ambayo mahindi yameanza kuikinai, aipande nini? Siku hizi jibu linalosikika zaidi ni soya. Bwana shamba anaisifu, wenye viwanda vya chakula cha kuku wanaitafuta, redio zinaitaja. Maharage yapo palepale yalipokuwa tangu enzi za bibi zetu, na mahindi hayahitaji kutetewa na mtu.

Nimefuatilia kwa muda tafiti za uchumi wa soya kwa wakulima wadogo Afrika, na msimamo wangu ni huu: ukilinganisha mazao haya kwa msimu mmoja tu utapata jibu la uongo, na ukilinganisha bila kumjua mnunuzi wa soya yako bado hujalinganisha. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwenye ekari mbili hadi kumi, anayelima kwa jembe au ng'ombe, akitegemea mvua ya msimu mmoja.

Soya si ngeni kwetu. Wajerumani waliijaribu Amani, Usambara, mwaka 1907. Kwa miongo mingi ilikaa pembeni kwa sababu haipikwi kirahisi kama maharage na viwanda vya kuinunua vilikuwa haba. Kilichoiinua ni kuku. Chakula cha kuku wa nyama na wa mayai kinataka protini nyingi, na mashudu ya soya, yaani mabaki ya punje zilizokamuliwa mafuta, yana protini ya asilimia 44 hadi 48. Kila banda jipya la kuku Dar es Salaam, Arusha au Iringa ni mteja wa soya, hata kama mwenye banda hajui.

Kwa kuanzia, tuyaweke bega kwa bega

| | Mahindi | Maharage | Soya |
|---|---|---|---|
| Mbegu kwa ekari | kilo 8–10 | kilo 25–40 | kilo 25–35 |
| Siku hadi kuvuna | 120–180 | 75–95 | 95–130 |
| Mavuno ya mkulima mdogo kwa ekari | kilo 700–1,500 | kilo 200–400 | kilo 300–500 |
| Mbolea ya naitrojeni | lazima | kidogo | haihitajiki, vinundu vya mizizi vikifanya kazi |
| Wanunuzi | kila mahali | kila mahali | wachache, wakubwa |

Ni viwango vya kawaida tu. Shamba lako linaweza kuwa juu au chini yake. Soya iliyopandwa kwa wakati na kupaliliwa mapema huvuka kilo 800 kwa ekari, na wastani wa Brazil ni zaidi ya kilo 1,200. Pengo hilo ndilo linalowaumiza vichwa watafiti. Limetokana na mbegu, udongo na wakati wa kupanda, na sehemu kubwa ya hayo iko mikononi mwa mkulima.

Hesabu ya kalamu

Bei za shilingi hubadilika kila wiki, kwa hiyo nitapima kila kitu kwa kilo za mahindi. Namba ninazotumia ni za mfano. Futa zangu, weka zako.

Tuseme ekari ya mahindi inakupa kilo 1,200. Mbegu, mifuko ya mbolea, dawa ya viwavijeshi na vibarua vimekula thamani ya kilo 500. Umebaki na 700.

Ekari ya soya imekupa kilo 450, na kilo moja ya soya inauzwa kwa bei ya kilo mbili za mahindi. Hiyo ni sawa na kilo 900. Mbegu, mbolea kidogo ya fosforasi, palizi na kupura vimechukua 300. Umebaki na 600.

Maharage yamekupa kilo 300 kwa bei ya mara mbili na nusu, yaani 750. Toa gharama 350, baki 400. Lakini hayo yamekaa shambani miezi mitatu hivi tu. Kwenye maeneo ya baridi ambako mvua huchelewa kukatika unaweza kupanda tena Machi, na jumla ya mara mbili ikavuka mahindi.

Mpaka hapo mahindi yanaongoza, na wengi hufunga daftari. Sasa fungua ukurasa wa mwaka wa pili. Mahindi juu ya mahindi, kwa mbolea ileile, yakupe 700 tena: jumla ya miaka miwili ni 1,400. Mahindi yaliyofuata soya yapate nyongeza ya kilo 300, yaani yabakize 1,000. Ukijumlisha na 600 za soya unapata 1,600. Soya imepita.

Halafu jaribu jambo moja zaidi. Shusha bei ya soya kutoka mara mbili ya mahindi hadi mara moja na nusu hivi, tuseme 1.4. Soya inabakiza 330, jumla ya miaka miwili ni 1,330, na mahindi yanarudi mbele. Faida yote ya udongo imemezwa na bei. Ndiyo maana ninasisitiza mnunuzi kuliko kitu kingine chochote.

Je, soya inarutubisha udongo kweli?

Hapa ndipo mahubiri mengi ya soya yanapokosea, nami nataka tukae kidogo.

Mizizi ya soya huishi na bakteria wanaokaa ndani ya vinundu vyake na kukamata naitrojeni ya hewani. Hilo ni kweli, na ndiyo maana soya inaweza kuzaa bila gramu moja ya urea. Lakini punje ya soya ina protini ya karibu asilimia 40, na protini hutengenezwa kwa naitrojeni. Ukipiga hesabu, tani moja ya soya inaondoka shambani na naitrojeni ya kilo 64 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo zile kilo 450 za mfano wetu zimebeba naitrojeni kuliko ya mfuko mzima wa urea. Kama bakteria walikamata sehemu tu ya mahitaji, iliyobaki imetoka kwenye udongo wako.

Kinachorudi ni majani yaliyopukutika kabla ya kuvuna, mizizi, na makapi ikiwa utayarudisha. Mkulima anayeng'oa soya na mizizi yake, akaibeba hadi nyumbani, akaipura uani na kuchoma makapi, ameuza rutuba ya shamba lake pamoja na punje. Anayekata kwa mundu, akaacha mizizi ardhini na kupura palepale shambani, ndiye anayeyaona mahindi ya mwaka unaofuata yakiwa ya kijani kibichi.

Zimbabwe wamelipitia hili mapema. Mwaka 1996 kilianzishwa kikosi kazi cha kueneza soya kwa wakulima wadogo, Profesa Sheunesu Mpepereki wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe akiwa mmoja wa nguzo zake, wakati ambapo wengi waliamini soya ni zao la mashamba makubwa peke yake. Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya aina ya mbegu. Kulikuwa na Magoye, mbegu ya Zambia inayopatana na bakteria wa asili waliomo udongoni, yenye majani mengi, inayoacha rutuba nyingi lakini punje chache. Na kulikuwa na mbegu za kisasa zinazojaza punje, zinazotaka bakteria maalumu, na kuacha kidogo shambani. Ukitaka fedha mwaka huu unachagua ya pili. Ukitaka mahindi mazuri mwaka ujao unaifikiria ya kwanza. Mbegu za TGx, zilizozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, zilikusudiwa kukaa katikati: zipatane na bakteria wa kienyeji na bado zizae.

Thamani ya zawadi hiyo ya naitrojeni hupanda na kushuka na bei ya mbolea. Mwaka 2021 na 2022 urea ilipopaa duniani kote, mzunguko wa soya ulikuwa dhahabu. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku, anayeipata kwa bei nafuu anaokoa fedha kidogo zaidi kwa kupanda soya. Sisemi ruzuku ni mbaya. Nasema iingize kwenye hesabu yako, kwa sababu nayo inaweza kuondoka.

Wasomaji wa magharibi mwa Kenya wana sababu nyingine ya kuangalia soya: kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Baadhi ya aina za soya huzichochea mbegu za kiduha kuota, kisha zikakosa pa kujishikiza na kufa. Huko soya kabla ya mahindi ni dawa ya shamba.

Bakteria wa pakiti au mfuko wa mbolea?

Ukishaamua kupanda soya, swali la pili ni uweke fedha wapi kwanza. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen pamoja na IITA na kufika Tanzania katika awamu yake ya pili, ulifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, kuanzia Nigeria na Ghana hadi Msumbiji. Kilichojitokeza si cha kusisimua sana, na kwa sababu hiyo kina manufaa zaidi. Kwa wastani, kuchanganya mbegu na bakteria huongeza mavuno kwa kiasi kidogo, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa: shamba moja linaruka, la jirani halisogei. Fosforasi na bakteria vikienda pamoja hufanya vizuri kuliko kimoja peke yake. Na kwa sababu pakiti ya bakteria ni nafuu sana kuliko mbolea, hasara yake ikishindwa ni ndogo.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na bakteria. Hapa Afrika Mashariki wanaojulikana zaidi ni Biofix, inayotengenezwa Kenya. Mwenye nafasi aongeze fosforasi. Kwenye udongo wenye asidi, ambao huku kwetu ni mwingi, mbolea ya Minjingu inafaa, na pengine chokaa ndiyo inayotakiwa kabla ya vyote. Udongo wenye pH chini ya 5.5 huwachosha bakteria hata wawe bora namna gani.

Bakteria hao ni viumbe hai. Pakiti iliyokaa dirishani kwenye duka la bati wiki tatu ni unga mweusi tu. Angalia tarehe, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo, usichanganye na mbolea. Wiki ya sita hadi ya nane chimba mashina machache kwa uangalifu, pasua vinundu: wekundu au waridi ndani ni kazi inaendelea, weupe au kijani ni ishara kwamba mmea unakula udongo.

Mbegu

Mahindi chotara yanakulazimisha dukani kila mwaka. Soya, kama maharage, hujichavusha yenyewe, hivyo unaweza kurudia mbegu yako misimu kadhaa. Ni nafuu kwa mkulima, lakini inawafukuza wafanyabiashara wa mbegu, ambao hawaoni faida ya kuzalisha kitu utakachonunua mara moja. Matokeo yake ni uhaba wa kudumu wa mbegu nzuri. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kimetoa aina zake, Uyole Soya 1 na zilizoifuata, lakini kuzipata dukani ni kazi. Kikundi cha kijiji kinachozalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zikikaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, mara nyingi ni mlango wa karibu zaidi.

Mafuta yaliyomo kwenye punje huifanya mbegu ya soya ife haraka ghalani. Iliyokaa zaidi ya msimu mmoja usiiamini. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, subiri siku tano hadi saba. Zikiota chini ya 80, ongeza kiasi cha kupanda au tafuta nyingine.

Kazi, na nani anashika fedha

Soya haivumilii magugu katika wiki sita za mwanzo, na ikikomaa haikusubiri. Ukichelewa siku chache jua likiwa kali, maganda yanapasuka na punje zinamwagika. Mwezi huohuo mahindi nayo yanakuita. Kupura kwa fimbo kunachosha na kuvunja punje, na ni kazi inayowaangukia akina mama. Maabara ya utafiti wa soya ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, iliyofanya kazi miaka mingi barani, iliona kwamba hapa ndipo upanuzi wa zao hukwama, ikawafundisha mafundi wa Ghana kujitengenezea mashine za kupura kwa vyuma vya kawaida. Kabla ya kupanda zaidi ya ekari mbili, ulizia kama mashine ya kupura inafika kijijini kwenu na wanatoza shilingi ngapi kwa gunia.

Maharage kwa kaya nyingi ni zao la mama. Anauza debe moja sokoni, ananunua sare ya shule, haombi ruhusa. Soya inauzwa kwa mizani, kwa mkupuo, kwa jina lililoandikwa kwenye daftari la ushirika, na jina hilo mara nyingi ni la baba. Mume na mke wanaohamisha ekari kutoka maharage kwenda soya wazungumze mapema fedha zitaingia kwenye akaunti ya nani. Nimeona mijadala ya faida kwa ekari isiyogusa hili hata kwa mstari mmoja, na nadhani ni kosa kubwa.

Soko

Mahindi yana mnunuzi wa kukimbilia: NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, hununua kwa bei iliyotangazwa, na yakikosa mnunuzi familia inakula. Udhaifu wake ni wa kisera. Mipaka ikifungwa, kama ilivyotokea 2017, bei huporomoka vijijini palepale.

Maharage yana wanunuzi wengi kuliko zao lolote hapa. Lori la Dar es Salaam likikosekana, lipo la Tunduma. Tatizo lake ni dalali na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), na wadudu wa ghalani. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, imepunguza hilo la wadudu.

Soya ni tofauti kabisa. Huwezi kuipika jioni kama maharage, na wenye kiwanda wanaoihitaji wanahesabika. Bei yao hutazama bei ya mashudu yanayotoka nje, Zambia, Malawi au India. Huko wakivuna sana, simu ya mnunuzi wako inakuwa nzito. Una njia tatu hivi.

Ya kwanza ni mlanguzi wa kijijini. Analipa taslimu, leo, kwa bei ya chini. Kwa mwenye karo ya kulipa si upumbavu kumuuzia magunia mawili.

Ya pili ni stakabadhi ghalani, ambayo mkoani Ruvuma imechukua soya pamoja na ufuta na mbaazi. Mzigo unaingia ghala la ushirika, unapimwa, unapigwa mnada kwa uwazi. Ushindani wa wanunuzi husaidia na lumbesa haina nafasi. Gharama yake ni kusubiri, na makato. Omba orodha ya makato yote kabla ya kupeleka gunia, ulinganishe kinachobaki mkononi na bei ya mlanguzi. Usilinganishe na bei ya mnada iliyotangazwa redioni.

Ya tatu ni mkataba na kiwanda au kampuni ya chakula cha mifugo. Mkataba mzuri unataja bei ya chini kabisa, kiwango cha unyevu, nani analipa usafiri, na siku ngapi baada ya kupima utalipwa. Mkataba unaosema "bei ya soko wakati wa mavuno" haukulindi na lolote.

Na China? Oktoba 2020 ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania, nayo huagiza takriban tani milioni 100 kwa mwaka. Habari ile iliwapa watu wengi moyo. Ni fursa ya kweli kwa nchi, lakini meli hainunui gunia tano tano. Inataka wingi, usafi na vyeti vya afya ya mimea. Mkulima mdogo ataonja soko hilo kupitia mnada wenye wanunuzi wengi zaidi, kwa hiyo asipande akiwa na Shanghai kichwani.

Ningechagua vipi

Shamba likiwa juu ya mita 1,800 hivi, kwenye baridi ya Makete au Uporoto, soya hukawia mno. Panda maharage au viazi.

Kaya isiyojitosheleza chakula ijaze kwanza ghala la mahindi. Soya inaingia kwenye ekari ya ziada, na hata hapo iwe nusu ekari, sehemu yake ikienda kwenye uji wa watoto. Ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kutumia protini.

Mwenye ekari nne au zaidi, chakula kipo, na mahindi yameanza kudai mbolea nyingi kwa mavuno yaleyale: theluthi ya shamba kwenye soya, ikihama kila mwaka. Huyu ndiye hasa tafiti zinamzungumzia. Ajiunge na wenzake ili mzigo ufike tani kadhaa, kwa sababu kiwanda hujibu simu ya tani.

Mfugaji wa kuku asiangalie bei ya soko peke yake. Soya aliyoikaanga na kuichanganya mwenyewe inachukua nafasi ya chakula ambacho angenunua kwa bei ya rejareja, na hapo soya hushinda hata mwaka ambao mnada umelala.

Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja asahau habari za rutuba. Mahindi mazuri ya mwaka ujao yatavunwa na mwenye ardhi au mpangaji mwingine, kwa hiyo soya yake lazima ilipe ndani ya msimu uleule, kwa bei iliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi. Bila hivyo apande maharage, au amwombe mwenye shamba mkataba wa misimu miwili kabla ya kununua mbegu.